Kiti cha Pili

Fundi anaweza kuwa bingwa wa kazi yake mji mzima, na bado kuna mahali mkono wake haufiki. Mahali hapo humhitaji mwenzake, apende asipende. Wembe aliambiwa hivyo mara nyingi, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Alikuwa kinyozi, na jina hilo alipewa na wateja kwa ukali wa mkono wake, na wa ulimi wake pia. Alifanya kazi na mume wa dada yake, ambaye Wembe hakumwita jina lolote ila Shemeji. Viti vyao viwili vilitazama kioo kimoja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwafungulia wateja, walinyoana kwa zamu huku wakitaniana bila huruma.

"Kichwa hiki kina mabonde," Shemeji angesema. "Mashine inaomba likizo."

"Wewe nyoa. Dada yangu alikuokota na sura hiyo, mbona hakuomba likizo?"

Wembe alikuwa mgane. Tangu afiwe na mkewe, hakuna mikono mingine iliyogusa kichwa chake.

Kisha gonjwa likaingia bila kubisha hodi. Maduka yakafungwa. Ofisi zikawaambia watu wakae nyumbani, halafu zikawasahau huko huko. Vinyozi waliporuhusiwa kufungua tena, walipewa masharti: barakoa, ndoo ya maji yenye bomba mlangoni, na kiti kimoja tu kitumike. Serikali ilitangaza pia kwamba wafanyabiashara wadogo wapunguziwe kodi ya pango. Mwenye nyumba wa Wembe hakulisikia tangazo hilo, ingawa redio yake ililia kutwa nzima. Wateja waliokuwa wakija kila wiki sasa walikuja kwa mwezi, na wengine walinyolewa na wake zao jikoni. Ukiwatazama tu unajua.

"Tupokezane," Shemeji alishauri. "Wewe asubuhi, mimi jioni. Tutakula kidogo, lakini tutakula wote."

"Wateja wenyewe hawa hawamtoshi hata mmoja," Wembe alijibu. "Kiti kimoja, kinyozi mmoja. Si mimi niliyesema, Shemeji, ni serikali."

Shemeji aliuzungusha taratibu waya wa mashine yake. "Serikali ilisema kiti kimoja. Kinyozi mmoja umesema wewe."

Akatoka. Wembe alikifunika kiti cha pili kwa shuka, akajiambia kwamba sheria ni msumeno.

Mwanzoni moyo ulimtulia, kwa kuwa wateja wote walikuwa wake. Lakini waliingia mmoja mmoja, wakanyolewa kimya nyuma ya barakoa, wakatoka upesi kama watu waliomwona askari. Soga ilikuwa nusu ya kazi ile, na sasa haikuwepo. Dada yake hakupiga simu tena. Zilikuwepo siku ambazo Wembe hakutamka neno kutwa ila "inama" na "geuka". Alikuwa mpweke, na upweke huo aliuleta kwa mkono wake mwenyewe.

Nywele nazo hazijui karantini. Zake ziliota, ndevu zikafuata, mpaka mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka nenda miaka rudi, akamtazama kwenye kioo. "Fundi, ukiwa hivi wewe, sisi tutakuwaje?"

Kwenda kwa kinyozi mwingine aliona ni aibu ya mwaka. Kumfuata Shemeji aliona ni kulamba matapishi yake. Basi akaamua kujinyoa. Alikipa kisogo kioo kikubwa, akashika kioo kidogo kwa mkono wa kushoto. Kulia kukawa kushoto, mbele kukawa nyuma. Alipochukua wembe kusawazisha ukingo nyuma ya sikio, akajichana. Damu ikachuruzika shingoni. Mwalimu, aliyekuwa amekuja na ananawa mikono mlangoni, akaiona, akafunga bomba.

"Nitapita siku nyingine, fundi."

Hakupita.

Wembe alifunga duka, akaenda kwa dada yake huku amebana kitambaa sikioni. Alimkuta Shemeji barazani, amesimama nyuma ya kiti cha plastiki, na watu wameketi mbalimbali wakisubiri zamu, soga imekolea. Walipomwona, wote wakamgeukia Shemeji.

"Nimekuja kunyolewa," alisema Wembe.

Shemeji akamwonyesha mwisho wa foleni.

Zamu yake ilipofika, Shemeji alimfuta damu, akamnyoa bila haraka, vizuri kabisa. Wembe alisubiri utani, hata tusi moja dogo. Hakupata. Machozi yakamlenga.

"Nilikukosea, Shemeji. Rudi. Kiti chako kipo."

Shemeji alikung'uta kitambaa cha kunyolea. "Nimekusikia. Lakini leo nimekunyoa kama mteja. Ahsante kwa kuja." Kisha akainua sauti: "Anayefuata!"

Wembe alishuka barazani, akarudi peke yake, kichwa kikimeremeta na moyo ukimuuma kuliko jeraha. Kweli kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.