Kila Shimo kwa Kina Chake

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja, Kiondo, ambaye mkewe, Nakijwa, alivunjika nyonga. Kila Jumanne ilimbidi amfikishe zahanati, mwendo wa hatua elfu tatu, akiwa amelazwa kwenye kigari kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Mganga alikuwa ameonya: mfupa ukizidi kutikiswa, hautaunga.

Kiondo hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitaka springi za kigari zinazoifaa njia ile, basi akaipima. Alivuta kamba, akaandika daftarini kila hatua: hapa kinundu, vidole viwili juu; hapa shimo, vidole vitatu chini. Siku nne aliinama. Siku ya tano akajumlisha vya juu, akatoa vya chini, akagawanya kwa hatua zote, na jibu likakaribia sifuri. Akapiga makofi. Kumbe njia ni tambarare! Akafunga springi ngumu, akamlaza mkewe, wakaenda.

Walirudi Nakijwa akiwa ameing'ata kanga mpaka imetoboka. Kiondo akamwonyesha daftari. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Nakijwa akalitazama, akamwambia mumewe, "Baba Eliapenda, mimi sipiti juu ya jibu. Napita juu ya kila shimo."

Kiondo akatoka mbio, mtu mzima, kandambili mkononi. Alirudi akiviringisha gurudumu kubwa la mbao lililowahi kuzungushiwa nyaya za umeme. Mzingo wake ulikuwa hatua nane. Akafungua daftari kwenye hatua nane mbovu kuliko zote, akachonga mashimo na kupigilia vinundu, kila kimoja kwa kipimo chake, mahali pake. Akakitega kigari juu yake, akaweka bakuli la maji kwenye godoro lake, akazungusha. Maji yakaruka hadi kwenye paji la uso wake.

"Ndiyo hii!" akapiga kelele. "Ndiyo yenyewe!"

"Jirani," akaita mtu nje ya ua, "barabara imekushinda kule, sasa umeihamishia nyumbani?"

Kiondo alifungua springi, akafunga nyingine, akazungusha, akafungua tena. Kwa jozi ya saba maji yalitetemeka, yakapanda ukingoni, yakatulia ndani ya bakuli. Akazungusha mara ya pili, na ya tatu, akicheka peke yake.

Jumanne iliyofuata walipita njia ileile. Hakuna shimo lililofukiwa, hakuna kinundu kilichosawazishwa. Walipofika, mganga alilazimika kumgusa Nakijwa bega, maana alikuwa amelala usingizi.

Nawe unayemwambia mwenzako kwamba maisha yake, kwa jumla, si mabaya: ni shimo lake lipi uliloinama ukalipima?