Hilo la Kesho

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Hata mie nimechoka, toka asubuhi nimeinama. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Basi alikuwako mwanamke, jina lake Mwanamvua. Mumewe kafa, kamwachia shamba la mihogo, kibanda cha makuti na binti mmoja, Mize. Hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa amechoka. Uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Siku moja jirani akamwita, "Shoga, mihogo yako imemezwa na magugu!"

"Ah, nimechoka mie. Shamba hilo la kesho."

Kumbe msituni kulikuwa na zimwi, na jina lake ndilo hilo, Kesho. Na kwetu mnajua, jua likizama tu, kesho imeingia. Basi jua likazama, zimwi hilo shambani, linang'oa mihogo, linatafuna na magugu yake.

"We! Nani kakupa?" Mwanamvua akapiga kelele.

"Si wewe? Umesema shamba la Kesho. Kesho ndiye mimi."

Siku ya pili Mize akasema, "Mama, paa linavuja."

"Nimechoka mie. Paa hilo la kesho."

Jua likazama, zimwi likaja, likalivaa paa kichwani kama kofia, likaenda zake.

Siku ya tatu, alasiri, Mize kaja na chanuo. "Mama, nisuke. Wenzangu wananiita kichaka."

"Nimechoka mie, mwanangu. Wewe wa kesho."

Lo! Akaziba mdomo, neno lishatoka. Zimwi likaja likaketi kizingitini, likatazama jua. Lilikuwa limebaki kidogo tu.

"Bwana Kesho, nimekosea! Nilitaka kusema nywele!"

"Nimesikia 'wewe'. Nywele zitakuja na mwenyewe." Kisha likalegeza sauti, tamu kama uji wa sukari. "Pumzika, mama. Umechoka. Si utaanza kesho?"

Mwanamvua akakitazama kichwa kile. Mikono yauma. Akasema, "Kichwa kizima siwezi. Mstari mmoja naweza."

Akambana Mize katikati ya magoti, akasuka. "Huu wa leo."

Zimwi likanywea, likawa kama ng'ombe.

Akasuka mwingine. "Huu wa leo."

Likawa kama mbuzi.

"Mama, waniumiza!"

"Tulia we, usitikisike!" Akasuka mwingine, vidole vimekufa ganzi. "Huu wa leo."

Likawa kama kuku. Likabaki fungu moja la nywele nyuma ya sikio, na jua hilo likazama.

Zimwi likaruka, likadaka fungu lile, likavuta, likavuta! Kuku atambeba mtoto? Fungu likang'oka, na zimwi hilo, nywele mdomoni, mbio msituni.

Mize alibaki na kipara nyuma ya sikio. Mihogo haikurudi. Paa halikurudi. Asubuhi Mwanamvua akaamka amechoka vilevile, akashika jembe, akalima tuta moja. "Hili la leo." Akakaa chini, akapumua.

Basi wajukuu zangu, kazi ikiwa kubwa, shika kipande chake leo, hata ukiwa umechoka. Kipande hicho hakuna wa kukunyang'anya.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mgongo wangu nao umeishia hapo. Na yule aliyeniambia vyombo vile vichafu ni vya kesho, mie simo. Alitazame jua.