Kwa Nini Mbawakawa Hulala Chali Akiguswa

Mwache huyo mdudu, Mwanahamisi. Usimtupe nje ya ungo, hajafa. Nanyi wengine chambueni kunde, kazi ni ya mikono na maneno ni ya masikio, nami nitawaeleza kwa nini amelala hivyo, miguu ameikunja kifuani kama maiti anayesubiri sanda.

Zamani, kabla ya bibi yangu na bibi yake kuzaliwa, mbawakawa hakujua kulala chali. Alijua jambo moja tu, kukimbia, na kukimbia ndiko kulikommaliza. Kanga, yule ndege wa madoadoa, kitu kilichotulia hakimshughulishi, lakini kinachotimka hakimpiti. Kila mvua ilipoanuka, Kanga na ukoo wake walishuka shambani wakaparura na kupekua, na mbawakawa waliotimua mbio waliishia tumboni.

Katika shamba hilo aliishi mbawakawa mmoja aliyeitwa Bi Siwatu. Masika yalimchukulia mume. Vuli ikamchukulia watoto, akabaki na binti mmoja tu, Zuwena. Wazee wao walikutana chini ya kinyesi cha ng'ombe, maana baraza yao ndiyo hiyo, wakaamua kuhamia majabalini. Huko hakuna Kanga, ingawa chakula hakuna pia.

"Nihame kwangu kwa ajili ya tumbo la mtu?" alisema Bi Siwatu. "Mimi sihami."

Wazee wakatikisa vichwa. Walidhani msiba umemvuruga akili.

Sasa huyu Kanga alikuwa na kiburi, na kiburi chake hakikukaa kimya. Siku moja ndege walifanya karamu. Tumbusi, ambaye chakula chake ni mizoga, alikuja akakaa kwenye mkeka pamoja na wenzake. Kanga akaruka kama aliyekalia siafu.

"Sogea huko, mla vibudu wee!" alifoka. "Sisi kwetu hatutii mdomoni kitu kilichojifia. Tunakula chenye uhai, tena tunachokiona kinatikisika. Siku mtakayonikuta nimekula kibudu, nivueni jina langu, mniite Tumbusi!"

Ndege wakamshangilia. Tumbusi wa watu akainuka akaenda zake, sinia hakuligusa. Lakini chini ya mkeka ule alikuwepo Bi Siwatu, aliyefuata makombo, na maneno yote aliyasikia. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na cha Kanga kiliponzwa siku ile, ila mwenyewe hakujua.

Bi Siwatu akarudi nyumbani mbio, akamlaza Zuwena chali, akamkunja miguu, akamtekenya kwa ncha ya jani. Zuwena akacheka. Akamlaza tena, akamtekenya tena, akacheka tena. Mama akakasirika.

"Binti yangu, Kanga akikufikia hutapata nafasi ya kucheka mara ya pili. Lala!"

Wenzao walipita na mizigo yao wakielekea majabalini, wakawaona mama na mwana wamelala chali mchana kweupe. Wengine walisikitika sana, wengine walicheka.

Mvua ikanyesha, ikaanuka. Kanga akaja shambani na wakwe zake, kifua mbele, akitaka kuwaonyesha anavyojua kutafuta riziki. Ndege wengine walikaa mitini wakitazama, na Tumbusi naye alikuwa juu ya mti mkavu. Zuwena alikutwa mahali peupe kabisa. Alipoona miguu ya Kanga alisahau yote aliyofundishwa, akatimua mbio kama baba yake.

Bi Siwatu akatoka shimoni, akamkinga njia.

"Zuwena, kufa!" akapiga kelele. Hapohapo akajitupa chali yeye, na binti akaanguka chali kando yake.

Kanga akafika. Mdomo wake ukasimama juu ya tumbo la Zuwena. Uchungu wa mama mnaujua ninyi? Hamuujui, bado hamjazaa. Bi Siwatu alitaka kumrukia Kanga usoni, afe yeye mwanawe apone. Hakuruka. Alikaa maiti. Kanga akambiringisha Zuwena kwa mdomo, huku na huku. Hakutikisika hata unyoya wa mguu.

"Baba," akauliza mama mkwe wa Kanga kwa upole, "hicho kitu mbona hakina uhai?"

"Kula tu, ndugu yangu!" Tumbusi akamwita kutoka juu ya mti. "Usione haya. Karibu ukooni!"

Ndege wote wakaangua kicheko. Kanga akarudisha shingo polepole. "Nilikuwa natazama tu," akasema, akaondoka na njaa yake, wakwe wakimfuata.

Alipofika mbali, Bi Siwatu akajipinda mgongo, akajifyatua. Ta! Akasimama kwa miguu yake. Zuwena naye, ta!

"Mama," akasema, "umeona? Sikucheka."

Bi Siwatu akamkumbatia akalia, na machozi yalipokwisha akapiga kigelegele ambacho wazee walikisikia njiani. Wakatua mizigo, wakarudi kwao, wakacheza ngoma mpaka ardhi ya shamba ikawa vumbi. Aliyedhaniwa mwendawazimu akabebwa juujuu.

Mtasema Kanga alisikia ngoma ile akajua amechezewa. Alijua, lakini angefanya nini? Katika mbawakawa waliolala chali, mmoja huenda amekufa kweli, na hawezi kumjua mpaka amtie mdomoni. Akikosea, jina lake limekwenda. Na wako wanaosema kwamba njaa ilimzidi akamwonja mmoja kwa siri. Mimi sikuwepo. Ila kitazameni kichwa chake kilivyo kipara, kisha mkitazame cha Tumbusi.

Na tangu siku hiyo, mbawakawa akiguswa hujilaza chali, akakunja miguu, akangoja kiburi cha mkubwa kipite. Haya, Mwanahamisi, mweke chini polepole, mrudi nyuma wote, mnyamaze.

Ta!

Mmemsikia? Pigeni vigelegele.