Kijiko cha Bwana Gaspar

Huko Tokaj, nchini Hungaria, zabibu huachwa mzabibuni mpaka zisinyae na kuota ukungu. Maji yanayochuruzika humo yenyewe huwa divai tamu kuliko asali, na kwa desturi mtu anayekata roho hupewa kijiko kimoja ili ainuke.

Mjane Borbala alikuwa na kichupa cha divai hiyo. Bwana Gaspar, tajiri aliyekwisha kumpora shamba lake la mizabibu, akaja kukidai.

"Hii ni ya wanaokufa, bwana," Borbala akasema. "Wazima hawapewi. Ikinyang'anywa, inageuka siki."

"Basi mimi nakufa," Gaspar akasema, akaenda kujilaza na kuanza kugumia.

Borbala akaja na kichupa, padri na kijiji kizima.

"Anayekufa hurudisha kwanza alichopora," padri akasema.

Gaspar alikitazama kichupa, mate yakamjaa. "Shamba la Borbala nimelirudisha," akanong'ona.

Akapewa kijiko. Akakilamba mpaka mpini, akaruka kutoka kitandani. "Lete kichupa chote, na shamba nalichukua tena. Sikuwa naumwa hata kidogo."

"Kwa hiyo ulimdanganya padri, mbele ya watu wote hawa?" Borbala akauliza.

Padri akakunja uso. Gaspar akarudi kitandani polepole, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nilikuwa naumwa sana," akasema.

"Tumeona, bwana." Borbala akaziba kichupa. "Na sasa umepona. Wazima hawapewi."