Jinsi Buti Ilivyopanda Mpaka Pajani

Zamani ilikuwapo? Ilikuwapo. Mliiona? Hamkuiona. Basi kaeni chini mnyamaze.

Zamani hizo, wajukuu zangu, buti ilikuwa kitu kifupi. Iliishia kwenye kifundo cha mguu, ikatulia hapo kwa adabu zake. Hii mnayoiona sasa, inayopanda mguu mpaka pajani, nanyi mnadhani imebuniwa ng'ambo na watu wenye akili, ilianzia hapahapa Kwamdoe, kwa mwongo mmoja mfupi.

Mwongo huyo aliitwa Semboja, Kingi wa chama cha ngoma cha Stesheni. Usicheke, Mbelwa. Siku zile kila chama cha ngoma kilikuwa na Kingi wake, na Kingi alikuwa mtu mzito, hata kama nyumbani anafokewa na dada yake. Chama cha pili kilikuwa cha Bomani. Kila mwaka walishindana kwa mavazi na kwa hatua, na waamuzi walikuwa wanawake wa sokoni. Chama kikishindwa miaka mitatu mfululizo kilitoa ngoma yake kuu kwa mshindi, na Kingi wake akavuliwa cheo. Stesheni walikuwa wameshashindwa mara mbili. Wakishindwa tena, Semboja si Kingi.

Akaamua kushonesha buti. Lakini mji mzima ulikuwa na fundi viatu mmoja, Fundi Mhina, naye alikuwa mtu wa Bomani. Kingi wa Stesheni ampe mtu wa Bomani mguu wake aushike, aupime? Thubutu. Tena Semboja alikuwa na miguu mifupi, mifupi kweli, na Bomani walikuwa hodari wa kutunga nyimbo za kuwasema watu. Wakikijua kipimo chake, watakiimba mpaka siku anazikwa.

Basi akakata kamba ya katani, kutoka kisigino mpaka chini ya goti. Akaitazama. Ikamtia aibu. Akaitupa, akakata nyingine, ndefu kwa shubiri moja. Akampa dada yake Kidawa aipeleke.

Kidawa njiani akaitazama kamba. Akaona inautia ukoo mzima aibu. Akaunga shubiri nyingine.

"Kamba ya nani hii?" akauliza Fundi Mhina.

"Ya kaka."

"Kaka yako yupi?"

"Fundi, mimi nina kaka mmoja, na unamjua."

Fundi akaitazama kamba, akamtazama Kidawa. "Haya, dada yangu. Nitashona kamba inavyosema."

Buti zikaletwa asubuhi ya mashindano yenyewe. Semboja akavuta, akavuta. Buti ikapita goti. Akavuta. Ikapanda paja, ikakomea mahali ambapo mbele ya watoto sipataji.

"Kidawa, uliongeza kamba?"

"Kidogo. Na wewe?"

Semboja akaikazania buti ya pili.

"Utakwenda peku?"

"Kingi haendi peku."

"Basi simama."

Akasimama. Kukaa hakuweza, na goti halikunjiki, ngozi mpya ya ng'ombe.

Uwanjani wakaanza Bomani. Wakacheza vizuri, siwadanganyi, walicheza vizuri. Wakaimba: Semboja wa Stesheni, miguu umeiazima kwa bata. Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Wakaingia Stesheni. Semboja akarusha mguu mzima kutoka kiunoni, kavu kama mti. Akarusha wa pili. Kugeuka, akageuka mwili wote kama mlango. "Polepole," akamnong'oneza mpiga ngoma, "naanguka." Ngoma ikapunguza mwendo. Na sheria ya chama ilikuwa moja, anachofanya Kingi, nyuma wote wanafanya. Basi wanaume thelathini wakakaza magoti, wakarusha miguu. Kavu. Kavu. Kavu. Watu wakasogea mbele watazame.

Mama Chausiku, muuza dagaa, ndiye aliyekuwa mkuu wa waamuzi. "Hatua gani hii?" akauliza.

"Ya kisasa," akajibu mwenzake, ambaye hakujua lolote.

"Na zile buti?"

"Ndizo zinazovaliwa."

Nani akubali kuonekana mshamba? Stesheni wakapewa ushindi, ngoma yao ikabaki kwao. Kingi wa Bomani akamwita Fundi Mhina msaliti, akamtukana mbele za watu, kisha akamvuta pembeni akaagiza zake, ndefu zaidi. Semboja akaulizwa alizibuni vipi. Akasema amezifikiria miaka saba. Buti zenyewe hazikuvulika, na Fundi akakataa kuzichana kwa kuwa kila mteja alitaka kuja kuziona, kwa hiyo Semboja akalala nazo siku tatu, amenyooka kama ubao.

Mnataka funzo? Watu mia tatu walikuwa pale, na kila mmoja aliona kwamba yule mtu hawezi kukunja goti na anaogopa kuanguka. Hakuna aliyesema. Mtu akivaa kinachomtesa na kila mtu akakitamani, ninyi tazameni goti kwanza. Mimi niliona vizuri, nilikaa mbele kabisa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, na siku ya harusi yangu nikavaa za kwangu, nikamfuata babu yenu kavu, kavu, mpaka mlangoni kwake.

Kisa nimekivua, nimekiweka hapo chini. Kitakayemtosha akivae.