Mashine ya Nyasi Iliyogoma Mufindi

Kinachogoma kina neno. Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo leo, mkaja kuniuliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, nami nitawaeleza ulivyozaliwa.

Kihwelo, mnyapara wa uwanja wa mpira, hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na spana zilizokamilika, wala kitabu cha mashine aliyokabidhiwa. Lakini kilichomponza zaidi ni kwamba hakuwa na sikio la kumsikiliza aliye chini yake.

Mashine hiyo ilikuwa ya kukatia nyasi, ile ambayo mtu huikalia na kuiendesha kama trekta ndogo. Haiwaki mpaka dereva akanyage pedeli ya breki hadi mwisho, kwa sababu pedeli ikifika chini hugusa swichi. Wiki ya mechi ya mashamba yote ikagoma kuwaka. Kihwelo alibadilisha plagi, akachaji betri, akamwaga petroli ya zamani na kutia mpya. Kimya. Mwishowe akaunganisha ncha za ile swichi kwa kipande cha waya. Mashine ikadanganyika kwamba breki imekanyagwa, ikawaka. Watu wakampigia makofi, naye akayapokea.

Dereva wake, Msigwa, aliizungusha kidogo akashuka. Alisema breki inateleza, na kwamba hataipeleka kwenye mteremko ulio juu ya kitalu cha miche. Kihwelo akamjibu mbele ya wenzake kwamba kinachoteleza ni miguu yake, kwa pombe ya ulanzi aliyokunywa jana. Watu wakacheka. Msigwa akapanda.

Mteremkoni breki haikushika. Msigwa aliruka akaumia goti. Mashine ikapasua uzio na kulala juu ya miche ya chai. Meneja alipouliza, Kihwelo alisema dereva alikuwa mzembe. Msigwa hakuulizwa. Alifukuzwa siku hiyohiyo, akaambiwa aiache na nyumba ya kampuni.

Fundi akaitwa kutoka Mafinga. Kihwelo akawahi kuutoa ule waya usije ukaonekana, na mashine ikagoma tena kama mwanzo. Hapo ndipo alipoinama kuchungulia chini. Aliona chuma kinachounganisha pedeli na breki kimepinda, na kwenye mpindo kutu imekwisha kuota. Hakikupindwa na ajali. Kwa sababu ya chuma hicho breki haikushika, na kwa sababu yake pedeli haikuifikia swichi. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Alikinyoosha kwa nyundo, akakanyaga pedeli, akazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja.

Akaizima upesi, kana kwamba inamsema kwa sauti. Fundi alipofika na kumsalimu, Kihwelo alishindwa kumtazama usoni.

Alikwenda kwa Msigwa, akamkuta akifunga godoro kwa kamba.

“Kamwene,” Kihwelo alisalimu.

Msigwa aliendelea kufunga. Baadaye akasema, “Kamwene, mnyapara. Umekuja kunusa kama nimekunywa?”

“Nimekuja kukwambia mashine imewaka. Chuma cha breki kilikuwa kimepinda, tangu zamani.”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia.”

“Mashine ilikataa, ukaiziba mdomo kwa waya. Mimi nikakataa, ukaniziba kwa kicheko cha watu. Kinachogoma kina neno, mnyapara. Wewe neno hukulitaka, ulitaka makofi tu.”

Kihwelo alimwomba asubiri hadi Jumatatu kabla ya kuondoka. Msigwa hakukubali wala hakukataa, lakini aliketi juu ya godoro lake.

Kihwelo alirudi kwake akamwandikia meneja. Alieleza habari ya waya, ya mteremko, na ya uongo alioutoa ofisini. Kwanza aliandika “kosa”, akalikata, akaandika “uongo”. Akaomba Msigwa arudishwe kazini, na kama kuna mtu wa kuondoka, basi awe yeye. Tena akaomba barua isomwe mbele ya wafanyakazi wote, kwa kuwa ni mbele yao alipomcheka mwenzake. Mwisho aliandika: “Msigwa alisema kweli. Kinachogoma kina neno.”

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akatoka nayo barabarani na kuikabidhi kwa dereva wa lori la majani mabichi lililokuwa likienda ofisini. Jumatatu ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote, nao wakaubeba usemi huo mpaka ukamfikia shangazi yenu.