Kifuniko cha Kasha la Mwana Somoe

Wamehadithia waliotutangulia, na ajuaye kweli yote ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba palikuwa na kijana katika mji wa Siyu, zama Siyu ni mji wa mafundi na wanavyuoni, akiitwa Lali bin Mbwana. Kijana huyu alijaaliwa mkono. Alisoma khati na uchoraji wa nakshi tangu hajaota ndevu, na akichora ua la mlangilangi kwenye karatasi watu huinama kulinusa. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa la watu. Kila alichochora walisema mashaallah, hata palipopinda. Mtoto akisifiwa kila siku hukosa mahali pa kukosea, na asiye na mahali pa kukosea hujifunza kuficha.

Shekhe wake wa khati, Mola amrehemu, aliliona hilo. Akamwambia kwamba anayechonga maua juu ya sanduku asiloweza kuliunga ni mpambaji wa kazi za wenzake, basi aende kwa Fundi Shekuwe, seremala, akajifunze mti. Lali akaenda kwa unyenyekevu, lakini wa miguu tu. Kichwa alikiacha juu.

Fundi Shekuwe alikuwa mtu wa maneno machache na ibada nyingi. Hakushika patasi bila udhu. Adhana ikimkuta na msumeno katikati ya ubao, aliuacha papo hapo akenda kusali, na mteja mwenye haraka aliijua njia ya kwenda kwa fundi mwingine.

Siku hizo mjane mmoja, Mwana Somoe binti Fumo, alikuwa akijiandaa kumwoza mjukuu wake, aliyemlea tangu mama wa mtoto alipofariki. Mwana Somoe alikuwa mfungaji wa Jumatatu na Alhamisi, na ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa mtaa wao, hataki shukrani wala chakula. Watu walimwogopa. Walisema ni ulimi wake. Mimi nasema walimwogopa kwa sababu hakusema uongo hata siku moja ili mtu apate raha, na hilo ni jambo ambalo binadamu hulisamehe kwa shida kuliko wizi.

Mwana Somoe alimwendea Fundi akamwagiza kasha la nguo la bibi harusi. Fundi akamwita Lali mbele yake, akamwambia kasha hilo utaliunda wewe, tangu ubao hadi bawaba, na likitoka sawa nitakuita fundi mbele ya watu.

Ada ya karakana ile ilikuwa hivi. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi huletwa barazani baada ya sala ya Ijumaa. Mwalimu humuuliza, "Kwa mkono wa nani?" Naye hujibu, "Kwa mkono wangu." Humuuliza tena, "Kwa mti wa nani?" Hujibu, "Kwa mti wa halali." Hapo hukabidhiwa patasi ya mwalimu, akawa fundi. Maneno mepesi, watoto wa mtaa waliyaimba mchezoni.

Fundi akampa mbao za mbambakofi, akamwonya kwamba bado ni mbichi. Aziweke kivulini zikauke kwa wakati wake, maana mti mbichi haujaamua umbo lake. Ukiukata leo, kesho utakugeuka. Wakati akingoja, apige randa mabaki ya mbao mpaka mkono uzoee.

Lali hakungoja. Alizikata baadhi ya zile mbao kabla hazijakauka, akaunda kasha. Mbavu zake zilikuwa nyembamba, na meno ya pembeni yakashikana vyema, hilo tusimnyime. Lakini kifuniko kilikuwa kipana, na siku chache baadaye kilijikunja kama jani la tumbaku. Fundi akaweka kiganja juu yake, kikabembea. Hakugomba. Alisema mbavu nimezikubali, kifuniko rudia, na safari hii ungoje.

Ungemwona Lali alivyokasirika. Kuna hasira ya aliyedhulumiwa, na kuna hasira ya aliyezoea kusifiwa akanyimwa siku moja. Hiyo ya pili ina kelele zaidi. Akawaambia wenzake kwamba Fundi anamhusudu kwa khati yake, kwamba mtu asiyejua kuchora hata kikonyo anamrudisha yeye kwenye randa kama mtoto. Na tena alikuwa ameshautangazia mji mzima kwamba harusi ya mfungo mosi itamkuta fundi. Mdomo ulikuwa umeshavuka mto, miguu ingali ng'ambo ya huku.

Basi siku moja baada ya alasiri alipita nyuma ya msikiti, akaona ubao umeegemezwa ukutani karibu na birika. Ulikuwa mpana, mnyoofu, umekauka hata ukiugonga unalia, mweusi kwa umri. Katikati ulikuwa na mfuo uliojaa vumbi. Lali akajiambia ni ubao wa mlango wa zamani uliotupwa. Hakumuuliza imamu, hakumuuliza muadhini, hakumuuliza hata yule kipofu aliyekuwa akikaa pale kila siku na angemwambia mara moja. Akautia begani, akaondoka nao.

Alipoupiga randa, chini ya ule weusi ikatoka rangi ya asali. Ikatoka na harufu pia. Harufu ya kafuri. Lali akajiambia ni tabia ya mti. Nafsi, ndugu zangu, ina maneno matamu kuliko muuza halua. Akaendelea na randa mpaka akaufikia ule mfuo wa katikati, akaondoa vumbi ili aone kina chake, akakuta umeteremka kuelekea upande mmoja, laini kwa kupitiwa na maji mengi. Ubao wa mlango haupitishi maji katikati yake. Hapo alijua. Ulikuwa ubao wa kuoshea maiti, mali ya wakfu, umepumzishwa baada ya msikiti kupata mwingine.

Alisimama na randa mkononi. Msikiti haukuwa mbali. Angeurudisha kabla jasho halijamkauka. Badala yake aliusawazisha ule mfuo mpaka ukapotea, akaukata ubao kwa kipimo cha kasha, kisha akachonga juu yake mlangilangi unaotambaa pande zote nne. Na wallahi, wanasema, hakuwahi kuchonga kitu kizuri kama kile. Shetani hamharibii mtu kazi akiwa anaielekea njia yake.

Ijumaa ikafika. Kasha likawekwa barazani, watu wakalizunguka. Ndipo mmoja akafunua kifuniko, akavuta pumzi, akawaambia wenzake njooni mnuse, kijana ana akili huyu, amepaka karafuu maiti ili nondo wasile nguo za bibi harusi. Karafuu maiti ndilo jina tuliloipa kafuri sisi. Jina lenyewe linasema, lakini mwenye kusifu hasikilizi hata anachokitamka. Wakapokezana kunusa na kusifu. Na Lali akatabasamu. Ule ubao aliuchukua kwa haraka, mfuo aliufuta kwa kiburi, lakini tabasamu lile, waumini, alilitoa akiwa ametulia.

Fundi Shekuwe akatoa patasi yake, imefungwa kitambaa. Akasoma dua, kisha akauliza, "Kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wangu."

"Kwa mti wa nani?"

Lali akafungua kinywa. Neno alilolijua tangu utotoni likakataa kutoka. Watu wakacheka kidogo wakidhani ni haya. Fundi akarudia swali. Kijana akainamisha kichwa, kwa mara ya kwanza tangu aingie karakana ile, akasema, "Mbavu ni za mti ulionipa. Kifuniko si halali, Fundi. Ni ubao wa wakfu. Ni ule uliokuwa ukioshewa maiti."

Aliyekuwa amekishika kifuniko akakiachia kikaanguka. Waliokuwa wakinusa wakajifuta pua. Fundi Shekuwe akaikunja tena patasi katika kitambaa chake, kisha akamgeukia Mwana Somoe, aliyekuwa mlangoni pamoja na wanawake, akamwomba radhi. Alisema yeye naye ameinusa kafuri, akaona uzito kuuliza.

Ndipo akasimama Bwana Madi, msimamizi wa wakfu, mtu laini, mwenye kanzu isiyojua doa. Watu wa namna hii hawakosekani. Pakitokea uoza wowote wao huja na mkeka wa kuufunika, nasi tunawaita wapatanishi. Akasema kwa upole kwamba jambo ni dogo, ubao ulikuwa umeshaachwa, yeye ndiye msimamizi na yeye amemwachia kijana. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Leo siku ya furaha." Na watu, Mola awasamehe, wakaitikia kweli, kweli.

Mwana Somoe akajitanda leso yake, akatoka mlangoni.

"Bwana Madi, umemwachia chako au cha Mungu?"

"Bibi, mimi ni msimamizi tu."

"Msimamizi. Yaani bawabu. Bawabu akianza kugawa vyombo vya nyumba huitwaje?"

Kuna aliyecheka, akajifanya amekohoa. Bwana Madi akamsihi asubiri, akamkumbusha kwamba Mola yu pamoja na wenye kusubiri.

"Subira ni ya msiba ulioletwa na Mungu," akasema Mwana Somoe. "Huu umeletwa na randa. Nimekasirika, na nitakasirika mpaka nimalize."

Akamgeukia Lali. Hakupaza sauti. "Juu ya ubao huo nilimwosha binti yangu, mama yake huyu anayeolewa. Sina kinyaa na maiti, na mti wa kuwaoshea hauna najisi. Ungeniambia niulalie ubao ule, ningeulalia. Nataka kujua jambo moja. Ulijua lini?"

"Nilipoufikia mfuo wa maji, bibi."

"Na wakati huo ulikuwa umebakiwa na kazi gani?"

Kijana akasema, "Maua yote."

"Bandua."

Lali akapiga magoti, akazing'oa bawaba moja moja. Akaanza kumwomba msamaha, bibi akamkata, akamwambia mimi si mwenye ubao, nenda kwa mwenyewe kwanza. Basi akakitia kifuniko kichwani, akapita nacho mchana, njia nzima ya msikitini, wale wale waliomwambia mashaallah wakimtazama kutoka madirishani. Akakiegemeza palepale alipokitoa. Lakini kilikuwa kimekuwa kifupi na chembamba, kimejaa maua. Hakiwezi tena kumbeba mtu. Kitu cha wakfu hakirudi kilivyokuwa kwa sababu mwizi amelia.

Bibi harusi alipelekwa kwa mumewe na kasha lililo wazi, nguo zikionekana na kila mtu. Mawifi walipochokora, Mwana Somoe aliwajibu kwamba kasha la mjukuu wake halina kifuniko kwa kuwa halina cha kuficha, nao walete yao tuyafunue. Hawakuleta.

Fundi Shekuwe hakumfukuza Lali. Alimwambia ana deni na msikiti, naye atalilipa kwa kitanda kizima cha kuoshea maiti, kwa mbambakofi ile ambayo bado imo kivulini. Na Lali akangoja. Mvua za masika zikaja zikaisha, na kila alipokwenda kuugonga ubao ulimjibu kwa sauti ya mti mbichi, akaurudisha mahali pake, akarudi kwenye randa. Rafiki zake walimcheka, kwamba mwenye khati ya dhahabu sasa anaulinda ubao kama kuku anayeatamia. Mti ulipokauka aliunda kitanda kilichosimama sawa, maji yakateremka bila kutuama, na hakuchonga juu yake hata jani. Fundi alimpa patasi siku hiyo karakanani, hapana barua ya mwaliko, hapana mtu wa kusifu.

Miaka ikapita, na Lali akawa fundi ambaye watu humwachia mali zao bila shahidi. Lakini Mwana Somoe akikutana naye njiani humjibu salamu kwa ukamilifu wake, kisha akashika njia. Wakamwendea wapatanishi, wakamwambia bibi, kijana ametubia, amelipa, hujamsamehe bado?

Akawaambia, "Nilimsamehe siku ile ile aliporudi kutoka msikitini. Nimemsamehe. Sikusema nimempenda."

Nao walipompelekea Lali maneno hayo wakidhani yatamuuma, alisema kwamba barazani pale siku ile walikuwapo watu wengi waliotaka afurahi, na mmoja tu aliyetaka aokoke.

Basi ninyi mnaopenda kuambiwa mashaallah, na ninyi mnaoisema kwa kuwa ni rahisi kuliko kuuliza, litazameni hilo. Hasira inayotetea nafsi ya mtu ni moto wa Shetani, izimeni kwa udhu. Lakini msimwite mkali kila anayewakatalia mkeka wa kufunikia. Mola wetu atujaalie watu wa kutukasirikia hapa duniani, kabla ya siku ya kukasirikiwa na Yeye. Amin.